Storm Lake, Iowa: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu nyumba, kazi na hela (kaunti ya Buena Vista)

Hapa nimekusanya maswali ambayo watu wananitumia mara kwa mara. Wengi ni ndugu zetu Wakongo na Warundi walioko Texas, Ohio na Kentucky, wamesikia Iowa pango ni rahisi na viwanda vinaajiri fasta, wengine bado wako Dar au Nairobi na viza wameshapata, wanataka kujua waanzie wapi. Nimeamua nijibu kwa kaunti moja tu, Buena Vista, kaskazini magharibi ya Iowa, mana ukisema "Iowa" kwa ujumla unakuwa hujasema kitu, Des Moines ni maisha mengine kabisa na huku shambani ni maisha mengine. Kaunti nyingi za kilimo za huku zinafanana na hii kwa hiyo hata kama unaenda kwingine utaokota mawili matatu.

Kwanza, hiyo kaunti ikoje?

Ndogo. Sensa ya 2020 ilihesabu watu kama 20,800 kaunti nzima, na zaidi ya nusu wako Storm Lake ambao ndo mji mkuu wa kaunti, uko kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Vingine ni vimji: Alta, Newell, Albert City, Sioux Rapids, Marathon, Rembrandt, Linn Grove, vingine ukipita na gari ukapiga chafya umeshavimaliza. Kilichobaki chote ni mahindi na soya, mabanda ya nguruwe, na mitambo ya upepo (pale karibu na Alta walijenga mwaka 1999, wakati ule yalikuwa kati ya mashamba makubwa ya upepo duniani). Tambarare mpaka unachoka. Sioux City ni kama saa moja na nusu kwa gari, Des Moines kama saa mbili na nusu.

Nasikia ardhi ya Iowa ni tajiri kuliko zote, sasa mbona watu wanalia hela hamna?

Hili swali nalipenda na ndo la kuelewa kabla ya mengine yote, mana ukilielewa hili utaelewa hadi kwa nini huwezi kupata nyumba.

Tuanze na mahindi yenyewe. Mwaka mzuri ekari moja inatoa bushel kama 200, bushel moja ya mahindi ni kilo 25 na kidogo, kwa hiyo piga hesabu ni gunia 50 za kilo mia kwenye ekari moja. Hamsini! Mkulima wa Njombe akivuna gunia 25 kwa ekari kijiji kizima kinajua. Lakini sasa njoo kwenye bei. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipandisha mahindi hadi karibu dola 7 kwa bushel, baadae ikashuka ikarudi maeneo ya dola 4. Kwa dola 4 ekari inaingiza dola 800, na ukitoa mbegu, mbolea, dawa, mafuta, bima, mashine na kukodi ardhi (wastani wa jimbo ni dola 270 na kitu kwa ekari kwa mwaka) gharama inafika hapohapo au inapita. Yani mtu ana mashine ya nusu milioni imepaki nje na mwisho wa mwaka anagusa sifuri, anaokolewa na bima ya mazao na malipo ya serikali.

Mwenye hela ni mwenye ardhi, sio anayelima. Chuo cha Iowa State kinatoa bei ya ardhi kila mwaka, 2024 wastani wa jimbo ulikuwa dola 11,467 kwa ekari. Na utafiti wao wa 2022 ulionyesha theluthi mbili ya ardhi ya kilimo ya Iowa iko mikononi mwa watu wa miaka 65 na kuendelea, wengine wazee wamehamia Arizona huko wanakula joto, wengine ni watoto walirithi wanaishi Chicago, hela ya kukodi inatoka kaunti inaenda huko. Kwa hiyo utaona mahindi hadi macho yanauma afu mjini duka limefungwa na vioo vimebandikwa mbao.

Afu kuna historia. Miaka ya 1980 bei ya ardhi Iowa ilianguka kutoka dola 2,147 kwa ekari mwaka 1981 hadi 787 mwaka 1986. Wakulima walikuwa wamekopa kwa bei ya juu, riba ikapaa, benki zikaja kuchukua. Familia nyingi ziliondoka kipindi hicho na hazikurudi, waliobaki wakanunua mashamba ya waliokwenda, mashine zikakua, sasa mtu mmoja na kijana wake wanalima eneo ambalo zamani lililisha kaya kumi. Ndo mana kaunti ya jirani, Pocahontas, mwaka 1980 ilikuwa na watu zaidi ya 11,000 na sasa imebaki na kama 7,000. Buena Vista haikupungua hivyo. Sababu ni kiwanda, na wahamiaji waliokuja kufanya kazi kiwandani. Wapo wenyeji wasiopenda kulisikia hilo, ila hesabu ya sensa haina upande.

Kiwanda gani, na kazi zikoje?

Tyson, kampuni kubwa ya nyama. Wana kiwanda cha nguruwe na kiwanda cha bata mzinga, vyote Storm Lake. Zamani kile cha nguruwe kilikuwa cha Hygrade, kikafungwa 1981, mwaka uliofuata kampuni nyingine ya nyama, IBP, wakakichukua na kukifungua upya kwa mshahara mdogo kuliko wa zamani na bila chama cha wafanyakazi, wazungu wengi wa zamani hawakurudi, wakaanza kuja Walao na watu wa Tai Dam (gavana Robert Ray ndo aliwafungulia mlango wakimbizi wa Asia kuja Iowa kuanzia 1975), baadae Wameksiko, Wasudani, watu wa visiwa vya Mikronesia. Tyson wakainunua IBP yote mwaka 2001.

Mshahara, matangazo ya miaka ya karibuni yanacheza karibu na dola 20 kwa saa, kidogo chini kidogo juu, inategemea na kitengo na shifti. Ukikumbuka kima cha chini cha Iowa ni dola 7.25 toka 2008 hawajakigusa, utaona kwa nini watu wanakimbilia. Dola 20 kwa saa 40 ni 41,600 kwa mwaka kabla ya makato. Kodi ya mapato ya jimbo ni asilimia 3.8 flati kuanzia 2025, ya serikali kuu inategemea na familia yako.

Sasa sikudanganyi, kazi ni ngumu. Umesimama shifti nzima, baridi ya friji, kisu mkononi, mkono unarudia kitu kimoja mara maelfu, vidole vinakufa ganzi usiku. Ukiumia ripoti siku hiyohiyo kwa maandishi, usisubiri "nione kesho kama itapoa". Na wakati wa korona mwaka 2020 kiwanda cha Storm Lake wafanyakazi 555 kati ya 2,517 walikutwa na virusi, ndivyo jimbo lilivyotangaza. Watu walikuwa bega kwa bega kwenye laini mchana, usiku wanarudi nyumba moja watu saba. Hapo ndo utaona suala la kazi na suala la nyumba ni kitu kimoja.

Mi ni Muislamu, siwezi kushika nguruwe. Nije tu?

Njoo ukiwa umeshajua unaenda kitengo gani. Kiwanda cha bata mzinga kipo, kuna hospitali ya Buena Vista Regional, kuna mashule, kuna chuo, kuna viwanda vya mayai, kuna kufanya usafi, kuna madereva wa malori (ukiwa na leseni ya lori huku hukosi kazi, msimu wa mavuno hasa). Sheria ya serikali kuu inamtaka mwajiri akupe nafuu ya dini kama haimletei gharama kubwa, na Mahakama Kuu mwaka 2023 iliikaza hiyo kwa faida ya mfanyakazi. Ila iombe kwa maandishi na mapema. Usisaini kazi ya nguruwe ukitegemea utahamishwa baadae.

Haya, nyumba. Kwa nini kila mtu anasema hakuna nyumba wakati kaunti iko tupu?

Mana uwanja upo, nyumba hamna. Ni vitu viwili.

Nyumba nyingi za Storm Lake na vimji vyake ni za zamani, nyingine zina miaka mia, mbao, zilijengwa wakati reli ndo inaleta watu. Kipindi cha miaka ya 80 hakuna aliyejenga, nani angejenga wakati watu wanakimbia. Sasa watu wamerudi, wamekuwa wengi, lakini hesabu ya kujenga inagoma: nyumba mpya ya kawaida tu inaweza kumgharimu fundi dola laki tatu, afu tathmini ya benki inaangalia nyumba za jirani zinauzwa nusu ya hapo, benki inasema hatukopeshi zaidi ya thamani. Kwa hiyo fundi anajenga pale Des Moines ambako atauza. Na mafundi wenyewe wachache, na kiwanja kikitaka barabara na bomba la maji taka mji mdogo hauna hela ya kupeleka.

Kingine ni wazee. Mama wa miaka 80 yuko peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, angependa ahamie kitu kidogo kisicho na ngazi ila hicho kitu hakipo, basi anabaki. Afu aliyekopa 2021 kwa riba ya asilimia 3 hawezi kuuza akakope tena kwa 6 au 7. Mnyororo wote umekwama, na anayekuja mwisho ndo anayelala kwa shemeji sebuleni.

Kinachotokea ni familia mbili au tatu kwenye nyumba moja. Mimi simlaumu mtu, wote tumepitia, ila angalieni mkataba unasema watu wangapi, na besimenti (chumba cha chini ya nyumba) isiyo na dirisha la kutokea sio chumba cha kulala, moto ukiwaka huko chini hamna pa kutokea.

Pango nitegemee shilingi ngapi?

Sitataja namba, zinabadilika na mtakuja kunishikia bango. Njia nzuri ni hii: serikali kuu kila mwaka inatoa kiwango cha pango cha haki kwa kila kaunti ya Marekani, idara ya nyumba HUD ndo inatoa, iko wazi bure, tafuta Buena Vista County na idadi ya vyumba unavyotaka. Ukiambiwa kitu kinachozidi sana hapo uliza kwa nini. Na mshahara wa dola 20 kwa saa ukitaka pango lisipite asilimia 30 ya mapato ghafi, mwisho wako ni kama 1,040 kwa mwezi, na hapo bado joto, umeme na gari.

Mwenye nyumba anaweza kunitoa lini, na depositi yangu je?

Sheria ya Iowa iko hivi. Depositi haiwezi kuzidi pango la miezi miwili. Ukihama na ukampa anwani yako mpya ana siku 30 kukurudishia au kukuandikia amekata nini na kwa sababu gani. Hiyo anwani ni muhimu sana mana watu wengi wanahama kimyakimya afu wanalalamika wamedhulumiwa. Kuingia ndani kwako anatakiwa akupe taarifa masaa 24 kabla, isipokuwa dharura.

Ila usichelewe pango. Iowa ni ya upande wa mwenye nyumba kwenye hilo, anakuandikia notisi ya siku tatu, ukishindwa kulipa ndani ya hizo tatu anaenda mahakamani, na mambo yanakwenda haraka, na rekodi ya kufukuzwa itakufuata kila utakapoomba nyumba. Akikupeleka mahakamani NENDA, hata kama huna hela, usipotokea umeshindwa. Iowa Legal Aid wanasaidia bure watu wa kipato cha chini na wana wakalimani kwa simu, ukipiga waambie Kiswahili.

Piga picha kila ukuta siku unaingia. Na lipa kwa hundi au kitu chenye risiti. Wapo wenye nyumba wanaopenda keshi, we kataa au dai risiti palepale.

Vipi trela, zile nyumba za kubebeka? Nimeona zinauzwa dola elfu kumi tu.

Taratibu hapo. Trela unanunua, lakini ardhi iliyokaa sio yako, unalipa pango la kiwanja kila mwezi kwa mwenye eneo. Miaka ya karibuni, kuanzia kama 2019, makampuni ya uwekezaji ya nje ya jimbo yamekuwa yakinunua maeneo ya trela sehemu mbalimbali za Iowa na kupandisha pango la kiwanja, na mwenye trela hana pa kukimbilia kwa sababu kuihamisha trela ni maelfu ya dola na ile ya zamani inaweza isifike popote, itavunjika njiani. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti uliza vitu hivi: pango la kiwanja ni kiasi gani na lilipanda mara ngapi karibuni, nani mmiliki wa eneo, hati ya trela iko kwa jina la nani (ina hati kama gari, inahamishwa ofisi ya kaunti), na kodi ya nyuma imelipwa? Mtu anakuuzia ya elfu kumi kumbe ina deni la kodi, deni linabaki na trela.

Mi bado naona ni bora kuliko kulala watu saba nyumba moja. Lakini sio uwekezaji kama watu wanavyojidanganya, thamani yake inashuka kama ya gari.

Kununua nyumba inawezekana kweli kwa mfanyakazi wa kiwanda?

Inawezekana, na huku inawezekana kuliko sehemu nyingi za Marekani. Nchi nzima bei ya kati ya nyumba imepita dola laki nne, huku nyumba ya zamani inayokalika unaipata kwa chini sana ya hapo, na kwenye vimji kama Marathon au Linn Grove utaona bei mpaka ucheke, ila cheka afu kaikague.

Kitu ambacho watu wetu wengi hawakijui ni mikopo ya wizara ya kilimo, USDA. Wengi wanadhani ya wakulima tu. Hapana, ni ya nyumba za kuishi maeneo ya vijijini, na kaunti kama hii ndo yenyewe. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza wizara inakukopesha yenyewe, ya watu wa kipato cha chini, kianzio sifuri, miaka 33, wengine 38, na kwa wenye kipato kidogo sana ruzuku inaweza kushusha riba hadi asilimia 1. Ya pili benki inakukopesha na wizara inadhamini, hiyo nayo kianzio sifuri, kipato kinaruhusiwa kuwa cha juu kidogo. Hali yako ya uhamiaji wataiangalia, uwe na karatasi zako zote. Na wazee wa miaka 62 na zaidi wenye nyumba na kipato kidogo wanaweza kupata hadi dola 10,000 za bure kutengeneza vitu hatari kama waya au paa, kwa hiyo kama umenunua kwa jina la mama mwambie.

Tatizo la mkopo wa serikali ni kwamba nyumba lazima iwe nzima, na zile za bei ya kuchekesha hazipiti ukaguzi. Ndo hapo mtu anakuja na kitu kinaitwa mkataba: "usiende benki, nilipe mimi kidogokidogo, ukimaliza nakupa hati". Jamani. Kwa Iowa ukichelewa kwenye mkataba wa namna hiyo muuzaji anakupa notisi ya siku 30, usipolipa deni ndani ya hizo siku umepoteza nyumba na kila ulichokwisha kulipa, haendi hata kwenye kesi ndefu kama benki. Miaka sita ya jasho inaondoka kwa mwezi mmoja. Sisemi mikataba yote ni utapeli, wengine ni wazee wakarimu kabisa, ila mpelekee mwanasheria asome kwanza na mkataba uandikishwe kaunti.

Nikikagua nyumba niangalie nini?

Lipia mkaguzi, usimtumie shemeji anayejua umeme kidogo. Zaidi ya hapo:

Besimenti ndo daktari wa nyumba za huku. Ardhi hii kabla ya kulimwa ilikuwa majimaji, wamezika mabomba ya kutoa maji chini ya mashamba yote, kwa hiyo maji yako karibu tu. Nusa. Angalia mstari wa maji ukutani, angalia pampu ya kutolea maji inafanya kazi. Pima radoni, ni gesi inatoka ardhini haina harufu na inaleta saratani ya mapafu, na kaunti zote 99 za Iowa ziko kwenye kundi la hatari kubwa kabisa, kipimo ni rahisi na mtambo wa kuitoa unaweza kumbana muuzaji alipie. Nyumba ya kabla ya 1978 rangi yake inaweza kuwa na madini ya risasi, kama una watoto wadogo hilo usilipuuze, wanakula vipande vya rangi. Paa, mana mvua ya mawe huku sio utani na bima za nyumba zimepanda sana kwa sababu hiyo. Mashine ya kupasha joto ina miaka mingapi. Na kama iko nje ya mji: maji ya kisima na shimo la choo.

Maji yana shida gani?

Nitreti, inayotoka kwenye mbolea na samadi. Mvua inaipeleka kwenye yale mabomba ya chini, yanamwaga kwenye mitaro, mitaro mtoni. Mwaka 2015 shirika la maji la Des Moines lilizishtaki wilaya za mifereji (zinazosimamia hiyo mitaro) za kaunti tatu, Buena Vista, Sac na Calhoun, likitaka zilipie gharama ya kusafisha, kesi ikatupwa 2017, na mpaka leo usiiongelee sana mbele ya mkulima usiyemjua. Maji ya bomba ya mji yanapimwa. Kisima chako mwenyewe hakuna anayekupimia, ni juu yako, na kama kuna mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya kopo pima kabla hujakoroga hata kopo moja. Kuchemsha hakuondoi nitreti, kunaongeza, mana maji yanapungua yenyewe inabaki.

Baridi itaniua?

Haitakuua, bili ndo inauma. Januari inashuka chini ya nyuzi 20 hasi na upepo hauna cha kuuzuia. Ukiwa mjini ni gesi ya bomba, nje ya mji ni gesi ya propani inaletwa na lori, jaza tenki kiangazi bei ikiwa chini. Kuna msaada wa bili za joto unaitwa LIHEAP, kaunti hii unaombea kwa Upper Des Moines Opportunity, wazee na walemavu wanaanza Oktoba, wengine Novemba hadi mwisho wa Aprili. Ukikubaliwa hawawezi kukukatia gesi wala umeme kati ya Novemba 1 na Aprili 1. Ila deni linaendelea kuhesabika na Aprili 2 wanakumbuka.

Naweza kununua shamba nilime? Sisi ni wakulima toka kwa babu.

Kila Mrundi ananiuliza hili. Ekari 80 kwa wastani wa jimbo ni zaidi ya dola laki tisa, na kaskazini magharibi mara nyingi ni ghali kuliko wastani. Wanashindana kwenye mnada watu ambao ardhi yao ilishalipwa na babu yao. Kufuga nguruwe kwa mkataba, we unajenga banda kwa mkopo mkubwa, kampuni inaleta nguruwe na chakula, we unapata malipo na samadi, hatari ya banda ni yako. Iowa ina nguruwe kama milioni 24 na watu milioni 3.2, hiyo biashara imeshajaa watu wenye mitaji.

Kinachowezekana ni ekari moja mbili nyuma ya nyumba ya kijijini, mchicha, matembele, sukuma, biringanya za kiafrika, mbuzi wachache. Msimu ni mfupi, Mei hadi Septemba, lakini udongo ni mweusi mpaka unatamani kuula. Wateja wako wako Des Moines na Sioux City sio hapa.

Kiwanda kikifungwa je?

Hili ndo swali ambalo watu hawaniulizi na ningependa waniulize la kwanza. Perry, Iowa, Tyson walifunga kiwanda cha nguruwe Juni 2024, watu karibu 1,300 kwenye mji wa watu elfu nane. Novemba 2025 wakatangaza wanafunga kile cha ng'ombe cha Lexington, Nebraska, wafanyakazi kama 3,200 kwenye mji wa watu 11,000 hivi, na Wasomali wengi walikuwa wameshanunua nyumba pale. Hapahapa Buena Vista, Machi 2022 homa ya ndege iliingia kwenye kampuni ya mayai ya Rembrandt, wakaua kuku milioni 5.3, na baada ya kazi ya kuwaondoa kuku wafanyakazi zaidi ya 200 wakaambiwa asante.

Sisemi Storm Lake inafungwa, sina habari kama hiyo, na ng'ombe wamepungua Marekani ila nguruwe wapo. Ninachosema ni kwamba mji ni wa mwajiri mmoja, siku akiondoka unapoteza kazi na bei ya nyumba yako inaanguka siku hiyohiyo, na wanunuzi wako ndo haohao walioachishwa. Kwa hiyo usikope mpaka kikomo benki inachokuruhusu. Mume na mke msifanye kazi kiwanda kimoja kama inawezekana. Sheria inataka kampuni kubwa itoe notisi ya siku 60 kabla ya kufunga, siku 60 ni chache sana.

Bila gari naweza kuishi?

Hapana.

Wazungu wa huko wanatupokeaje?

Inategemea umekutana na nani. Hii ni wilaya iliyomchagua Steve King bungeni miaka na miaka, yule aliyekuwa anawasema wahamiaji vibaya hadi chama chake chenyewe kikamtoa kwenye kura za awali 2020. Wakati huohuo Storm Lake yenyewe imezoea wageni kuliko Wamarekani wengi wanavyodhani, mwenye duka anajua "asante" za lugha tano, na jirani atakusukumia theluji bila kukuuliza umetoka wapi. Ukinyimwa nyumba kwa sababu ya asili yako ni kosa kisheria, andika tarehe, maneno aliyosema, peleka ofisi ya haki za kiraia ya Iowa.

Watoto watasoma wapi?

Shule za mji zimejaa watoto wa wahamiaji na walimu wamezoea watoto wasiojua Kiingereza, hilo ni jambo zuri sana ambalo vimji vidogo havina. Baada ya sekondari kuna Buena Vista University kando ya ziwa, ya binafsi, na kuna tawi la Iowa Central, chuo cha jamii, ambacho ni bei nafuu na kinafundisha ufundi na uuguzi. Uuguzi, ufundi umeme, mafundi bomba, hizo ndo kazi ambazo kaunti hii inatafuta watu na hawapatikani. Kijana akimaliza hapo hategemei kiwanda. Maombi ya msaada wa ada yajazeni mapema, fomu inafunguliwa vuli ya mwaka kabla, na leteni vyeti vya shule kutoka nyumbani vikiwa vimeshatafsiriwa, kuvifuatilia Bujumbura au Uvira ukiwa huku ni kazi ya mwaka mzima.